Nyekundu ya Mama

Nyamirambo, Kigali
Oktoba 1984

Dada yangu mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie huko Kigoma, wewe, shemeji na watoto. Mguu umepona? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Usingizi ndio umenikimbia.

Tangu Idi mama ananijia ndotoni. Anasimama kando ya mashine yetu ya uchapaji, amejitanda kanga yake nyekundu, lakini imepauka, na uso wake umepauka vilevile. Hanisalimii. Nikadhani nimemuudhi.

Tulipogawana ile doti ya marehemu mama, kipande changu nilikipeleka kazini. Usinigombeze kwanza. Mteja wetu mmoja, mwenye sabuni, alitaka karatasi za kufungia, za nyekundu asiyoweza kuieleza. Nikamwonyesha kanga, akasema ndiyo hiyo hiyo. Basi nikaitundika dirishani, maana taa ya umeme inadanganya rangi. Mashine ikiwa inakwenda, nachomoa karatasi, naiweka juu ya kanga, naongeza wino au napunguza. Nilifurahi, kusema kweli. Nilijiona nafanya kazi mama akinitazama.

Wiki iliyopita mwenye sabuni alirudisha mzigo wote. Mkubwa wetu, mzee Twagirayezu, akaniuliza kwa ukali hii nyekundu iko ya wapi. Nikajibu ni ileile, nikailinganisha na kanga mbele yao, wala hapakuwa na tofauti. Ndipo yule bwana akatoa mfukoni karatasi tuliyomchapia mwanzo kabisa. Inawaka! Nikaapa wallahi kwamba hiyo si yetu, labda kaichapisha kwingine, mama yangu hakuvaa rangi kali namna hiyo.

Mzee Twagirayezu hakubishana nami. Alikunjua upindo wa kanga, pale ambapo jua halijafika.

Dada, ndani mlikuwa na nyekundu ileile ya ile karatasi. Jua lilikuwa linaila kanga polepole, na mimi naifuata kila siku, napunguza wino bila kujua. Rangi ya mama yetu niliwekewa mbele ya macho, nikaikana kwa kiapo.

Mzigo tunauchapa upya, kazini hawajanifukuza. Kanga nimeirudisha sandukuni, ila mama bado anakuja vilevile, na nikiwa macho najaribu kuukumbuka uso wake nashindwa. Naogopa, dada.

Mukandekezi, jirani yetu, anakusalimu sana. Nibusie watoto.

Kanga yako usiiweke juani. Na mama akikujia wewe, mtazame vizuri usoni, uniandikie.

Mdogo wako,
Saidi Niyonzima