Nilishaaga, Nimerudi

Mdogo wangu kipenzi,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayolalamika.

Ijumaa niliagwa kazini kwa vifijo. Mafundi wenzangu wa cherehani walininunulia kiti cha kupumzikia, kisha wakaniambia niseme machache. Mimi nikayasema yote! Nilimwambia bosi mbele ya watu kwamba akianza kuimba ofisini kwake, sisi huku tunaziba masikio kwa vipande vya kitambaa. Watu walicheka mpaka machozi.

Jumatatu ikatangazwa kwamba umri wa wanawake kustaafu umeongezwa miaka mitatu. Nami nimo.

Basi nikarudi, sina pa kuuweka uso. Bosi akanitazama weee, halafu akasema, "Karibu, mama. Leo siimbi." Tulicheka wote, yeye kutushinda.

Kile chumba ulichonipakia rangi nije tuishi wote, mpangishe mtu kwanza. Hapo nililia kidogo, yakaisha. Mimi na magoti yangu tutakuja tu.

Kiti nimekileta kazini, ndicho ninachokalia nikishona. Na hotuba ya pili nimeshaanza kuitunga, maana bosi kuimba ameacha kweli, lakini sasa anapiga mluzi.

Dada yako,
mstaafu wa siku mbili