Githeri ya Watu Kumi

Gatongora, Ruiru

Mjukuu wangu Wambui,

Natumai baridi ya huko Kanada haijakuzidi. Huku tu wazima. Mamako alipita Jumapili, na ng'ombe amezaa ndama dume.

Umeniuliza utaanzaje kupunguza mwili, na unakula peke yako. Nilipopata kazi Thika nikiwa msichana, nilipanga chumba kimoja. Nyumbani tulikuwa watu kumi, na githeri ya kiasi kingine sikujua kupika. Basi nilipika ya watu kumi, nikaila asubuhi na jioni mpaka iishe. Nguo zikaanza kunibana.

Siku moja nikapima mahindi na maharagwe kwa kikombe cha chai, kikombe kimoja tu. Nikishakula, badala ya kuongeza, nilitembea hadi mto Chania na kurudi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakikimbia kile chumba. Baadaye miguu ikazoea, ikawa saa ikifika inataka kutoka yenyewe. Gauni likaanza kunipwaya bila mimi kujua ni lini.

Kwa hivyo anza na kikombe, na viatu uviweke karibu na mlango.

Mimi, tangu tumzike mume wangu, guka wako, nimerudia kosa lile la Thika. Jana nikatoa sufuria ndogo na kupima vizuri. Chakula kilipoiva nikapakua sahani mbili.

Ya pili bado iko hapa mezani ninapokuandikia.

Ni mimi, cucu wako.