Damu ya Mbuzi wa Baba

Yabelo, Borana
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu Guyo,

Amani iwe nawe huko Oslo. Baridi imepungua? Kifua chako je, kimepona? Sisi wazima wa mwili. Mvua bado. Mama sasa anakunywa chai, ingawa chakula anakisukuma pembeni.

Siku ile simu ilikatika nikilia, hukusikia jinsi Baba alivyoondoka. Acha nikueleze.

Ni yeye aliyezunguka boma kwa boma akiwasihi watu mbuzi wao wachanjwe homa ya mapafu. Walimwamini. Muda si mrefu mbuzi wakaanza kukohoa, wakafa. Dhaki, yule jirani yetu mjane, akaja kusimama mlangoni mbele ya wageni.

"Boru, umetuletea sindano ya kifo. Wanangu watakunywa nini, maneno yako?"

Baba akaingia ndani. Tangu hapo akawa hatoki.

Nikachukua damu ya mbuzi waliochanjwa ambao hawajaanza kukohoa, nikaipeleka maabara ninakofanya kazi. Tunachanganya tone la majimaji ya damu na dondoo la bakteria wa ugonjwa huo. Mnyama aliyekolewa na chanjo ana kingamwili, na tone lake hukatika kama maziwa yaliyochacha. Nilitikisa vibao vyote vya kioo vyenye matone hayo. Hakuna tone lililokatika. Chanjo ilikuwa imeharibika kwa joto njiani. Mbuzi walidungwa kama maji tu, ugonjwa wenyewe ndio uliowaua. Baba hakuua mbuzi wa mtu.

Nilipofika nyumbani kumwambia, nikakuta wanaume wanachimba kaburi. Moyo, walisema.

Nilimweleza Dhaki. Akaketi palepale vumbini.

"Ungemwambia yeye, mwanangu. Mimi sasa nimfanyie nini?"

Baadaye ililetwa chanjo nyingine, safari hii ndani ya barafu. Watu wakaikataa. Dhaki akawaswaga mbuzi wake wawili waliobaki, akawashika mwenyewe wakidungwa. Ndipo wengine wakaja, mmoja mmoja, na mbuzi wao.

Jana nilipima damu ya mbuzi hao. Matone yalikatika, Guyo, kibao baada ya kibao. Nilitoka mbio hadi barabarani nitafute gari, nikamwambie Baba. Nikasimama pale. Kisha nikarudi ndani kuosha vibao.

Msalimie mkeo Darmi, na umbusu Jaldesa mdogo. Mama anakuombea mvua ikufikie ulipo, na maziwa yasikauke nyumbani kwako.

Dada yako, akupendaye hata kwa mbali,
Tume Boru