Mkono wa Rafiki Yangu Unakufa Ganzi, na Jumamosi wa Kumsukuma ni Mimi

Mpendwa Shangazi Rispah,

Shikamoo. Naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, kwa sababu fainali ni Jumamosi ya wiki ijayo, na tafadhali usiandike jina langu, mimi ni mtu wa aibu, hata darasani mwalimu akiuliza swali na jibu ninalo nanyamaza mpaka mtu mwingine aseme, halafu najilaumu siku nzima. Niko kidato cha tatu, nina miaka kumi na saba na kilo mia moja na nane, na ninacheza raga. Si wale wa kukimbia na mpira ambao wasichana wanawajua majina. Mimi ni namba tatu, mtu wa mstari wa mbele kwenye skramu, pale watu wanane wanainama na kukumbatiana wakasukumana na wanane wa upande ule huku mpira ukiingizwa katikati, chini ya miguu. Naweza kumaliza mechi nzima sijagusa mpira hata mara moja na nikatoka na furaha kuliko aliyefunga.

Hadi mwaka jana nilikuwa shule moja ya Bungoma. Sasa niko shule moja ya Kitale, nakaa kwa mama mdogo, na kama unaishi huku kwetu unajua shule hizi mbili zikikutana hata wazazi hawasalimiani. Nilihama hivi. Likizo ya Desemba kocha wa Kitale, tumwite Kocha Bramwel, alikuja kwetu Tongaren akamkuta mama akianika mahindi, wakasalimiana, halafu akaniangalia mimi akasema, "Nimekuona mechi tatu. Watu wote walikuwa wanaangalia mpira. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe tu." Shangazi, tangu nizaliwe hakuna mtu alikuwa ameniambia maneno kama hayo. Mama akaanza kuniuliza, "Sasa wewe unataka...", na mimi ambaye huwa sijibu maswali nikajibu ndiyo kabla hajamaliza.

Na sijutii! Hapo ndipo aibu yangu inaanzia, kwamba sijutii hata kidogo. Kitale tunaanza mazoezi saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi ile ya kuuma masikio, na kwa kuwa hatuna mashine ya kusukuma tunasukuma trela ya shamba la shule ikiwa imejaa magunia ya mahindi, na Gunjan, namba tisa wetu, kijana mdogo wa Kihindi ambaye kwao wana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, anakaa juu ya magunia kama chifu akipiga kelele, "Sukumeni bana! Ati hawa ndio forwadi? Dadangu Tejal anasukuma mkokoteni wa simiti kuliko nyinyi!" Wiki ya kwanza trela ilikataa kabisa. Wiki ya tatu ikasonga kidogo, ikasonga tena, halafu ikashika njia ikaenda mpaka ikagonga ua wa bwalo, Gunjan akarushwa chini akabaki amelala kwenye nyasi akicheka, na tangu siku hiyo shule nzima inaniita Trela. Mimi! Nikipita tu, "Niaje Trela!" Siku hizi hata naitikia.

Sasa shida yangu.

Kule Bungoma namba mbili wetu alikuwa kijana nitakayemwita Wangila. Namba mbili anakaa katikati ya mstari wa mbele, mkono mmoja amemshika namba moja, mwingine amemshika namba tatu, na kazi yake ni kuvuta mpira kwa mguu. Kwa miaka miwili mkono wa kulia wa Wangila ulikuwa mgongoni kwangu umekamata jezi. Bwenini tulikuwa kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu na mimi chini, kwa sababu mimi nikipanda juu mbao zinalia. Yeye ni wa Sirisia, mimi wa Tongaren, lakini tulitahiriwa Agosti ya mwaka mmoja kwa hivyo ni bakoki, na kwetu bakoki wako unaweza kumtukana mbele ya mama yake na wote mkacheka, lakini kumwacha kwenye shida huwezi.

Mwaka jana muhula wa pili skramu moja iliporomoka na yeye akaangukia kichwa, shingo ikapinda, akaamka akasema yuko sawa. Skramu iliyofuata mkono wake ukaniachia. Haukuteleza, Shangazi. Ulikufa. Nilisikia vidole vikifunguka kwenye jezi yangu kimoja kimoja. Jioni tukifua jezi bombani nikamuuliza, akasema, "Kuna moto unatoka hapa shingoni unashuka mpaka kwa kidole gumba, halafu mkono wote sisikii."

"Si uende kwa nesi."

"Nesi ataandika barua, barua ifike kwa kocha. Unataka nikae nje na maji ya wachezaji?"

"Lakini Wangila, ni shingo."

"Ni shingo yangu. Wewe ni bakoki ama ni matroni? Apa hutasema. Ukisema, mimi na wewe tumemalizana."

Nikaapa. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua. Na kutoka siku hiyo nikawa namshika mimi, napitisha mkono wangu wa kushoto namkaza kwangu kwa nguvu zote, ili mkono wake ukifa mtu asione. Tukamaliza msimu hivyo. Hakuna aliyejua, na tulikuwa hata tunajivunia.

Halafu nikahama bila kumwambia. Shule ilipofunguliwa Januari alinishikia kile kitanda cha chini siku mbili nzima, akifukuza kila anayeweka godoro, mpaka Ian, mchezaji mwenzetu, akamwambia nimeonekana Kitale nimevaa sweta ya kijani. Likizo ya Aprili alinitumia ujumbe mmoja tu: "Msaliti. Tutaonana kwa skramu."

Na kweli tutaonana. Ijumaa iliyopita Kocha Bramwel alituwekea video ya nusu fainali yao. Dakika ya ishirini akaisimamisha akauliza, "Mnaona nini?" Mimi nilikuwa nimeona kabla hajaisimamisha. Mkono wa kulia wa Wangila ulikuwa unaning'inia kama sweta iliyoanikwa, na namba tatu wao mpya hajui kumkaza. Kocha akasema, "Namba mbili wao anachoka mkono. Trela, huyo ni wako. Skramu ya kwanza, nguvu zote, hapo." Chumba kililipuka! Gunjan akapanda juu ya kiti, "Trela! Trela!", wote wakapiga meza, na mimi pia nilipiga meza, Shangazi, nilipiga kwa mikono miwili, na furaha ilikuwa ya kweli, kama dakika moja nzima, kabla sijakumbuka vile vidole.

Kocha hajui, anafikiri ni uchovu. Nikimwambia nitakuwa nimemuuza Wangila na nimeapa. Nikiwaambia Bungoma watasema ni ujanja wa Kitale kuwatolea namba mbili wao kabla ya fainali, nani atamsikiza msaliti? Na wachaguzi wa timu ya taifa ya vijana watakuwa uwanjani, Wangila yuko kidato cha nne, hana mwaka mwingine. Nimefikiria njia mbili. Moja, nijifanye tumbo linauma Jumamosi asubuhi nisicheze. Ya pili, nicheze lakini upande wake nisukume nusu nusu. Shida ni kwamba nataka kucheza, nataka sana, nikifikiria ule uwanja umejaa miguu inacheza yenyewe chini ya dawati. Niambie, kati ya hizo njia mbili, ya haki ni gani?

Ni mimi,
Namba Tatu, Kitale

SHANGAZI RISPAH ANAJIBU

Marahaba, Namba Tatu. Umeniomba nikufiche, halafu ukaniandikia kilo zako, kijiji chenu na jina lako la utani! Nimebadilisha vitu kadhaa. Hiyo trela, kwa mfano, haikuwa trela. Wacha wenzako wakune kichwa.

Kabla sijakugombeza, nakupongeza. Nina mtoto wa kiume ambaye amecheza namba moja miaka mingi, nimekaa kwenye hayo majukwaa kwenye jua na kwenye mvua, na najua mtu wa mbele ni nani. Kuhama shule si usaliti. Kumwacha rafiki akushikie kitanda siku mbili bila neno, hilo ni kosa na utaliombea radhi. Lakini kupenda mahali ambapo hatimaye mtu amekuona, hapana, hiyo furaha usimwombe mtu msamaha kwa sababu yake.

Sasa nikugombeze. Umeniletea njia mbili na zote ni za kijinga. Tumbo likikuuma Jumamosi, unadhani nafasi yako itabaki wazi? Kuna kijana kwenye benchi anayeomba uugue. Atavaa jezi yako, ataambiwa asukume pale pale, na atasukuma kwa moyo safi kwa sababu hajui unachokijua. Shingo haijui inasukumwa na nani. Na hiyo ya kusukuma nusu nusu ni mbaya zaidi: skramu ikilegea upande mmoja inajipinda, ikijipinda inaporomoka, na kuporomoka ndiko kulikomuumiza. Uliandika hayo kwa mkono wako mwenyewe. Uliisoma barua yako kabla ya kuituma?

Wewe unauliza utamsukuma vipi Wangila. Mimi nauliza Wangila anatafuta nini kwenye skramu hiyo. Mimi si daktari, ndiyo maana nilimpigia daktari kabla sijashika kalamu, nikamsomea yale maneno ya moto unaoshuka mpaka kidole gumba. Hakuniacha nimalize. Alisema kijana huyo asiinamishe kichwa kwenye skramu yoyote, hata ya mazoezi, mpaka apigwe picha ya shingo na mtu anayejua aiangalie. Mara nyingine inapona kwa kupumzika. Mara nyingine mtu anapigwa kidogo tu na miguu nayo inakataa. Soma hiyo sentensi mara mbili, mwanangu.

Ule mkono wako uliomkaza msimu mzima, ulidhani unamsaidia. Ulikuwa unamfichia jeraha. Ulikuwa mdogo na ulimpenda, naelewa, lakini leo unajua, na anayejua hana tena ruhusa ya kunyamaza. Na usiniletee habari ya bakoki. Nimezaliwa nyumba ya Wabukusu yenye kaka watano. Nimewaona bakoki wakitukanana matangani mpaka wageni wakataka kuita polisi. Sijawahi kusikia bakoki waliokatazwa kusema mwenzao anaumia.

Umeshindwa kupata wa kumwambia kwa sababu unatafuta kwenye timu. Huku ni Kitale, kule ni Bungoma, na kila mmoja atakuuliza unamfanyia nani kazi. Mwambie mama yake. Mama hana timu. Leo, ukimaliza kusoma hapa, mketishe mama yako mdogo umwambie yote, halafu mpige simu pamoja Sirisia. Sema wewe ni nani. Usizunguke. Mwambie siku iliyotokea, mkono upi, kidole kipi, na kwamba mlificha pamoja. Akilia, subiri. Akikutukana, itikia. Usikate simu mpaka akuambie ni lini anakwenda kumtoa mtoto wake shule ampeleke hospitali. Shule haiwezi kumwambia mzazi kwamba shingo ya mwanawe ni ujanja wa Kitale.

Kesho asubuhi, kabla ya mazoezi, nenda kwa Kocha Bramwel umwambie ule mkono si uchovu, ni jeraha, na kwamba mama amejulishwa. Kocha wa kweli atabadilisha mpango papo hapo. Asipobadilisha, mama yako mdogo aende kwa mwalimu mkuu, na wewe ujue alikuwa anaangalia nini zile mechi tatu.

Halafu Wangila mwenyewe. Akishatolewa shule, omba uzungumze naye kwenye simu. Usimwombe ruhusa, mjulishe: nimesema mimi, nimemwambia mama yako, na samahani kwa kile kitanda. Maneno hayo tu. Sitakudanganya kwamba hatapoteza kitu. Huenda wachaguzi wakaja wakaondoka bila kumwona, na huenda jambo hilo likamuuma miaka. Hiyo ndiyo bei, na ni afadhali kuliko ile nyingine.

Jibu hili nimekwisha kulituma kwenye simu ya mama yako mdogo, kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, tangu Jumapili, kwa hivyo usije ukaniambia gazeti lilichelewa kufika Kitale.

Na Jumamosi ucheze! Cheza, mtoto! Yeyote watakayemweka pale katikati akiwa mzima, msukume kwa kilo zote mia moja na nane bila huruma, ndiyo heshima ya mchezo huo. Mimi nitakuwa jukwaani, na kwa kuwa ni mtu wa Bungoma nitakuzomea kwa sauti yangu yote.

Wangila naye anaweza kuwa hapo pembeni na nguo za nyumbani. Utamwangalia, na huenda akakugeuzia kisogo mbele ya uwanja mzima. Itakuuma. Iache ikuume, na umshukuru Mungu kwamba shingo hiyo bado inageuka.

Shangazi Rispah