Kitabu Kilichozidi Kunenepa

Mpendwa dada,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe na wauguzi wenzako mnaopokezana zamu, na wagonjwa wenu pia kama wana nguvu za kupokea salamu. Natumai hujambo, mgongo umepunguza kukusumbua, na ile baridi uliyoilalamikia imeanza kukuzoea, maana wewe kuizoea sidhani. Sisi wawili huku hatujambo. Mpwa wangu ni mzima, anakula, anasoma, anabishana. Mimi nilipata kikohozi kidogo, kikaondoka chenyewe kabla sijaamua nikitafutie dawa gani.

Utashangaa kupata barua wakati simu zetu zote mbili zinafanya kazi. Lakini unanijua. Kwenye simu mimi huishia kusema salama, haya basi, usiku mwema. Nikiwa na jambo refu nahitaji karatasi, tena nahitaji usiwe na nafasi ya kunikatiza. Na hili ni refu. Linahusu kile kitabu.

Ulipoondoka uliniachia mtoto, sanduku la nguo zake na agizo moja: nichore siku zake, niandike na visa vyake chini ya picha, ili atakapokuja kwako akuletee zile siku ulizozikosa. Ulipopata nyumba yenye chumba cha pili, ukasema kitabu kikiisha tu, mtoto aje. Ukanunua na kitanda. Tangu hapo umeniuliza mara nyingi kimefika wapi, nami nimekujibu kila mara kwamba bado kidogo. Barua hii ndiyo jibu lenyewe. Litachelewa kidogo, kwa sababu nataka nikueleze tangu mwanzo.

Kazini ni yale yale. Bado natengeneza meno ya bandia kwenye kile chumba cha nyuma ya kliniki, mimi na nta yangu, na mataya ya plasta yaliyopangwa rafuni. Watu huniuliza kama siyaogopi. Meno yasiyo na mwenyewe hayana maneno, ndiyo raha yake. Juzi juzi nilimtengenezea mwalimu mmoja mstaafu meno ya juu, akarudi akasema yanapiga mluzi kila anapozungumza haraka. Nikamwambia akae niyarekebishe. Akakataa. Alikuwa amekuja kushukuru, kwa kuwa wajukuu wake sasa wanamsikiliza. Daktari wetu wa meno akasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona fundi anayesifiwa kwa kuharibu.

Nyumbani ndiko kumechafuka. Meza ya kulia ina pande nne, na kila upande una kazi yake. Upande wa dirishani kuna rangi na brashi za kitabu. Unaofuata kuna sindano za kufumia na soksi moja ambayo mwenzake hajazaliwa. Upande wa jikoni kuna udongo wa kufinyanga uliofunikwa kitambaa kibichi, na mabakuli yaliyokauka yakiwa yameinama kama yanasikiliza kitu. Upande uliobaki tunakula, nao una kinanda cha mdomo ambacho sijaweza kukipigia wimbo ukafika mwisho. Jirani yetu mshonaji, yule ambaye cherehani yake inasikika mpaka kwetu, ndiye aliyenifundisha kufuma. Aliniambia mshika mbili moja humponyoka, na mimi niliyeshika nne hajui nitabaki na nini. Nikamjibu kwamba mikono ya fundi haikai bure. Akasema mikono haina neno, ila mwenye mikono kuna kitu anakikimbia. Niliinama nikajifanya nahesabu mishono.

Binti yako nimempa jina la Mkaguzi. Akirudi kutoka shule huvua viatu, huizunguka meza na kufunua kila kitambaa aone nimefika wapi. Ukaguzi ukiisha hukaa, tunaanza kitabu. Utaratibu wetu ni kwamba yeye husimulia siku yake, mimi nachora, kisha ananitajia maneno ya kuandika chini ya picha, nami siruhusiwi kuongeza hata nukta. Kuna ukurasa wa mbuzi aliyeingia darasani wakati wa hesabu. Maneno yake yanasema mbuzi alikuwa na jibu ila hakuulizwa. Kuna ukurasa wa mvua iliyomkuta bila mwavuli. Huo nilitumia rangi ya maji, maji yakazidi, kwa hiyo mvua imetoka vizuri kuliko mtoto. Mkaguzi hulalamika kwamba watu wangu wote wana meno mazuri mno, hata mbuzi. Nimemwambia kila fundi huchora anachokijua.

Tena kuna kiti. Katika kila picha ya mezani huniamuru nichore kiti cha tatu. Mwanzoni alitaka ukae juu yake, nami nikawa nakuchora. Baadaye akaanza kuniuliza kama kweli uko hivyo, kama hiyo pua ni yako au nimeiazima kwa mtu. Mwishowe akasema nikiache kitupu mpaka ahakikishe. Viti vitupu sasa ni vingi kitabuni.

Unakumbuka likizo iliyopita, muuguzi mwenzako alipokuja huku mkapanga arudi na mtoto. Nilimkaribisha chai, nikamwonyesha kitabu, nikamwambia bado hakijaisha na wewe ulikitaka kikiwa kamili. Akapindua kurasa tupu akaona ni kweli. Akaondoka peke yake na ile kofia niliyokufumia. Ulipopiga simu uliniambia kofia imekutosha. Kisha ukaaga upesi.

Sasa nifike penyewe, dada. Kitabu hiki nimekitengeneza kwa mikono yangu. Nakunja karatasi, nazipanga mafungu mafungu, natoboa kwenye mkunjo na kushona fungu baada ya fungu, kwa uzi niliouvuta kwenye nta ya meno ili usikatike. Kitabu kilichoshonwa namna hiyo kina tabia moja ambayo vya dukani havina: unaweza kuukata uzi, ukaongeza fungu jingine nyuma, ukashona upya, na mtu asijue. Ndivyo nilivyofanya. Kabla muuguzi mwenzako hajaja, kurasa zilikuwa zimebaki chache sana. Mtoto alipokwenda kucheza kwa jirani, niliufumua mgongo wa kitabu nikaongeza mafungu. Zilipokaribia kwisha tena, nikaongeza tena. Na udongo, na soksi, na kinanda, vyote nilivianza kwa sababu hiyo hiyo, ili nikiulizwa mbona kitabu hakiendi niwe na cha kuonyesha. Jirani alikuwa ameshaona. Sipendi sanaa nyingi kiasi hicho. Nilikuwa naogopa kitabu kiishe.

Sikutaka aondoke. Nakuandikia wazi ili usihangaike kutafuta maana nyingine. Nimeishi peke yangu muda mrefu nikidhani napenda ukimya, kumbe sikuwa na cha kuulinganisha nacho. Nampenda mtoto huyu, nikajidanganya kwamba kumpenda kunanipa haki juu yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hayo niliyajua, na bado nikakuacha na kitanda kisicho na mtu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na Mkaguzi. Siku moja aliweka kitabu mezani akasema kimenenepa, jalada halifungi. Nikamwambia karatasi huvimba kwa rangi ya maji. Akaniangalia kama ninavyomwangalia mgonjwa anayedai meno yamevunjika yenyewe. Hakubishana, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Tangu siku hiyo kitabu kikaanza kwenda mbio. Nikifungua nakuta kurasa ambazo sikuzichora mimi. Jua moja la njano limejaza ukurasa wote. Ukurasa unaofuata ni ukuta wa shule, matofali matupu. Mbele yake ng'ombe mmoja ametandazwa kurasa mbili, kichwa huku, mkia kule, na chini yake neno moja tu, ng'ombe.

Kumbe alikuwa anakibeba kwenye mkoba na kuchora shuleni wakati wa mapumziko, wenzake wakicheza. Nilidhani amenogewa na uchoraji, nikamsifu. Akaniambia hapendi kuchora kiasi hicho. Anataka kurasa ziishe, maana mjomba anakwenda polepole, mama anangoja, na yeye anasahau. Nikamuuliza anasahau nini. Akasema sauti yako, ile isiyo ya kwenye simu.

Niliweka brashi chini. Nimefanya kazi za watu wengi na hakuna aliyewahi kunionyesha kosa langu kwa upole namna ile, bila hata kujua ni kosa. Mimi nilikuwa naongeza kurasa nyuma, yeye anazijaza mbele, na chakula tunakula meza moja. Nikamwambia ukweli wote, hata wa muuguzi. Aliuvuta vuta uzi wa ile soksi mpaka akaifumua nusu. Kisha akasema si ningesema tu. Akauliza kama nitalia akiondoka. Nikasema huenda. Akasema basi nilie yeye akiwa bado yupo, ili ahakikishe nimenyamaza ndipo aende. Nimemtii.

Kesho yake tulikifumua kitabu pamoja. Alichomoa mwenyewe mafungu yaliyobaki matupu akayaweka kando, nami nikashona yaliyojaa. Jalada sasa linafunga vizuri. Hakuna refu lisilo na ncha, na hiki kimepata ncha yake. Nilipotaka kuyatupa yale matupu alinikataza. Akaniagiza niyashone yawe kitabu kingine, kidogo, nichore humo siku zangu nikiwa peke yangu, na maneno chini ya kila picha. Nikamuuliza cha nani. Akasema chenu, wewe na yeye, na sharti ni lile lile: kikiisha, nikilete mwenyewe. Kabla ya kunikabidhi karatasi alizihesabu zote, akaandika idadi yake nyuma ya mkono wake.

Muuguzi mwenzako yuko huku tena, na safari hii wanaondoka wote Jumamosi. Barua nimeitanguliza kwa makusudi, ili uwe umeshamaliza kunikasirikia kabla mtoto hajafika. Hasira ni haki yako na sikuombi uipunguze, nakuomba tu asiikute usoni. Kitabu atakileta mwenyewe, amekataa kisiwekwe kwenye sanduku. Penseli za rangi pia anazo mkononi. Anasema ana viti vya kujaza.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ni la kifundi. Ulimwacha na meno ya utoto. Kwenye picha za simu hufunga mdomo, kwa hiyo hujui. Ya mbele yameota upya, na yameacha mwanya kama wako, mahali pale pale, upana ule ule. Nimeyatazama kwa jicho la kazi na sijakosea. Amerefuka sana, nawe kwa maneno yako umekonda, kwa hiyo huenda mkisimama uso kwa uso msitambuane mara moja. Ikiwa hivyo usiogope, wala usikimbilie kumwita. Cheka kwanza. Atauona mwanya wako, naye atacheka.

Jirani mshonaji anakusalimu sana. Soksi ameichukua akaimalizie yeye, anasema amechoka kuionea huruma. Udongo na kinanda nimevirudisha nilikovitoa. Nimebaki na brashi, na upande mmoja wa meza.

Nisalimie wote unaoishi nao vizuri, na uutunze mgongo.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Meno