Kikombe cha Ami na Mji wa Timgad

Jumatano, Al Hail. Joto, vumbi, na mimi nimenuna tangu alasiri.

Kesho jioni natoa mhadhara chuoni, wa kwanza mbele ya watu wasio wa chuo. Nitazungumzia Timgad, mji ambao Warumi waliwajengea askari wao wastaafu kule Algeria. Barabara zimenyooka, maktaba ipo, na mahamamu ya kuogea usiseme. Mji ulistawi, wakazaliana humo. Kisha watu wa milimani, wenye nchi yao tangu zamani, wakaushukia wakauvunja. Kilichobaki kikafunikwa na mchanga.

Leo Ami Khalfan, kaka wa marehemu baba, aliyenilea, alikuja kutoka kwake Darsait kunisikiliza nikifanya mazoezi. Nilimmiminia kahawa, nikaanza. Nilipofika kwenye maneno ninayoyapenda kuliko yote, kwamba waliojenga kwa nguvu juu ya ardhi ya watu hawana haki ya kulalamika mji ukianguka, aliweka kikombe chini.

Kimejaa.

Hapa kwetu Waarabu mgeni akiweka kikombe bila kunywa, ana haja, na mwenye nyumba humkubalia kwanza ndipo anywe. Sijapata kuona mtu akikataliwa.

"Nna haja, mwanangu," alisema. "Maneno hayo yatoe. Mimi nilizaliwa Unguja, mapinduzi yakanitoa mtoto. Kosa langu nini?"

Sikumkubalia.

Ningesema tu "haja yako umepata, Ami," mambo yakaisha. Lakini nayaamini yale maneno. Wenyeji waliolima nje ya kuta za Timgad nao walikuwa na watoto, na hakuna aliyewauliza kosa lao. Hilo nalo sikuthubutu kulisema. Ami akasimama, akavaa viatu, akaaga kwa adabu zake zote. Kahawa ikapoa kwenye sinia.

Nina hasira naye. Aibu ndiyo zaidi. Mgeni ametoka nyumbani kwangu hajanywa, na mgeni mwenyewe ndiye baba niliyebaki naye.

Nimeyafuta yale maneno, nimeyarudisha. Kwa watoto, kwamba hawana kosa, Ami kanishinda, na kesho nitalisema hilo mbele ya wote. Kwa mji na walioujenga, maneno yangu yanabaki, sirudi nyuma.

Asubuhi nitapita Darsait kabla ya chuo. Atanimiminia kahawa, hata akiwa na hasira hawezi kuacha. Nitakiweka kikombe chini, kimejaa, nimwambie nami nina haja: aje jioni, akae mbele, anisikilize mpaka mwisho.

Mimi nimemkatalia. Yeye je, atanikatalia?