Saa Isiyo na Kioo

Mtwara Mjini
23 Februari 2026

Kwako Dada Mwanakombo,

Assalaam aleikum. Mimi nimefunga, nimekonda, na bado nawashinda kwa sura vijana wote wa Chikongola. Wasiwasi wangu ni wewe huko Mahurunga. Mguu umepungua kuvimba? Viboko wamekuachia mpunga walau wa mbegu? Nijibu yote, usiruke hata moja.

Naandika kwa amri yako. Ulisema kwenye simu nakuchekesha mpaka unasahau ulichotaka kunigombeza, ila kwenye karatasi maneno yangu yanakaa palepale na unaweza kuyarudia. Haya, Elia wa gari la mizigo anakuletea. Yarudie mpaka uchoke.

Mikindani nimekwenda juzi kama ulivyonituma. Nilipomwambia Mama Zainabbai kwamba mimi ndiye mdogo wake Mwanakombo aliyemlelea wanawe, alinishika uso mzima kwa mikono miwili kama mtu anayechagua papai sokoni. Nikajiona mfalme. Akanieleza shida yake. Paa linavuja, na hataki kumwomba mwanawe Nadeem, maana kila Nadeem akipiga simu kutoka Dar neno ni lile lile: funga nyumba, mama, uje ukae kwetu ghorofani. Yeye hataki ghorofa. Anataka kufia hapo hapo, karibu na kaburi la mumewe, mzee Hussainali. Kwa hiyo anauza kitanda cha samadari na kabati la msaji ili apaue upya. Mnunuzi ni tajiri wangu Frank, yule anayetafutia mahoteli vitu vya kale. Na mkaguzi ni nani? Mdogo wako. Darasa la saba lilinishinda, lakini ubao haunishindi. Nimekagua vitanda Pemba ya Msumbiji, nimekagua makasha Maskati, Waarabu wakaniita mwalimu.

Ungeniona kazini, Dada. Nilivuta droo nikaigeuza chini juu, kwa sababu uso wa samani hujipamba, tumbo lake ndilo husema kweli. Matundu ya wadudu nikayachokonoa kwa sindano: ukitoka unga mweupe, mdudu yumo anakula, tundu likiwa jeusi na kavu, alishahama zamani. Nikaingiza pua kabatini.

"Unaninusia kabati, Hemedi?" Mama akacheka.

"Nanusa, Mama. Kabati la kughushi linanuka gundi. Lako linanuka heshima."

Vyote viwili ni vizima. Frank atalipa vizuri, na Mama atapaua.

Akachoka, akaenda kulala chumba cha ndani. Mimi kwa kuwa mkono haukai, nikaigeukia saa ya ukutani, ile ndefu ya mzee Hussainali. Haiuzwi, lakini mtaalamu hapiti kitu bila kukipima. Kioo cha uso hakipo. Sanduku zima, kamani nzima, timazi lake la kuning'inia linacheza vizuri, ila majira hakuna kabisa! Ilikuwa inakaribia adhuhuri na mshale mfupi uko chini karibu na sita. Nikaipima na simu yangu: imepotea masaa sita kamili. Nikaandika ubovu wake kwenye taarifa ya Frank, kisha kwa moyo mzuri nikaiweka sawa na simu, bure, nikaondoka kimya kimya nisimwamshe. Kioo nitamkatia kwa fundi wa hapa mjini, kiwe zawadi yangu ya Idd. Unaona nilivyo?

Mdogo wako wa pekee duniani,
Hemedi

*

Mahurunga
27 Februari 2026

Kwa mdogo wangu Hemedi,

Waaleikum salaam. Mguu unaniuma asubuhi, jioni unanisahau. Viboko wamekula upande wa mto, upande wa barabara wameniachia. Mwanao Asia hajambo, anasema baba akija alete tende, asilete hadithi.

Barua yako Elia aliniletea nikiwa shambani, nikasoma ule ukurasa wa kabati nikacheka peke yangu mpaka jirani akaja kuniangalia. Kurasa zilizobaki nitazisoma vizuri nikipata miwani, Asia ameikalia. Nimeona nikujibu haraka kwa jambo moja.

Hemedi, nakuambia wewe tu. Macho ya Mama Zainabbai yamekwisha. Uso wako aliushika ili akuone. Nyumba ile anaijua kwa vidole na kwa nyayo. Wanawe hawajui, wanadhani ni miwani tu inataka kubadilishwa, na yeye hataki wajue, maana siku Nadeem akijua ndiyo siku ya kufunga mizigo. Nilimwapia kwamba sitamwambia mtu, na sasa nimekwambia wewe kwa kuwa unaingia mle ndani na mikono yako naijua. Usisogeze stuli. Usihamishe kikombe. Kila kitu kikae kilipo.

Dada yako,
Mwanakombo

*

Mtwara Mjini
5 Machi 2026

Dada Mwanakombo,

Salamu nyingi kutoka kwa mfungaji hodari. Natumai mguu umetii na Asia amekurudishia miwani. Mwambie tende zimo ndani ya kifurushi, na hadithi pia, avumilie.

La macho nimelielewa, na moyo wangu ni safi: sikusogeza hata stuli. Lakini kaa kitako, nina habari. Nimeipata kwa Anjum mwenye duka la vitambaa mkabala na nyumba ile. Siku ile ile niliyokagua, mchana kweupe, jua la kutoboa kichwa, Mama Zainabbai katoka barazani na sahani ya tende mkononi, kinywani anatafuna. Anawaita wapita njia: "Karibuni, futuruni, jamani, jua limezama!" Adhana ya adhuhuri ndiyo kwanza imekwisha! Vijana wa bodaboda wakaangua kicheko. Mmoja akampokea akisema, "Ahsante Bibi, na daku utatuita saa ngapi?" Mimi nilicheka mpaka nikaogopa saumu yangu. Uzee, Dada! Kipofu nilikubali, kumbe na ubongo umeshapandisha bendera nyeupe.

Basi mtu kampigia Nadeem simu. Nadeem kasema imetosha, mama akili zimeruka, nyumba inafungwa baada ya Idd. Sasa haviuzwi viwili tena. Vinauzwa vyote! Frank kanipa nyumba nzima niikague. Nilirudi pale jana. Mama kakaa kwenye kiti, haongei, ananijibu "eeh" na "hapana". Saa ameisimamisha, timazi halichezi. Nikamwambia Frank, si nilikuandikia kwamba ile ni mbovu?

Namhurumia, lakini kazi ni kazi. Nikilipwa nitakuletea mabati nawe uezeke jiko.

Hemedi wako, mkaguzi mkuu

*

Mahurunga
8 Machi 2026

Hemedi,

Sikuulizi hali yako. Usiulize yangu.

Nimepata miwani. Nimesoma barua ya kwanza yote, kisha hii ya pili, kisha nikairudia ya kwanza. Nilikwambia karatasi haisahau.

Ile saa haikupotea. Masaa sita, Hemedi! Mtoto wa Mahurunga, mama yako alikuzaa saa mbili asubuhi, ukakua ukisema saa mbili, halafu unaona saa inayosema sita adhuhuri unasema imepotea masaa sita? Mzee Hussainali aliifuatisha saa yetu tunayoisema kwa mdomo. Jua likizama, mshale mfupi unakuwa juu kabisa, kwenye kumi na mbili. Alisema hataki saa inayomlazimisha kufanya hesabu. Kioo alikitoa yeye mwenyewe, macho ya mkewe yalipoanza kufifia, ili auguse mshale ajue majira. Miaka yote hii Mama hajui saa kwa njia nyingine.

Umeigeuza amelala. Ameamka gizani kwake, amepeleka kidole, mshale uko juu. Na papo hapo adhana. Adhana ya adhuhuri na ya magharibi maneno ni yale yale. Angejuaje? Akala. Akatoka na tende kama anavyotoka kila mwaka, hajapata kufuturu bila mpita njia.

Nawe ukacheka.

Nenda kwa Nadeem ukaseme ulichofanya. Lakini siri ya macho si yako kuitoa.

Mwanakombo

*

Mahurunga
15 Machi 2026

Hemedi,

Elia ameniapia kwamba barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, usimwambie neno. Wewe, usimwambie mtu neno.

Basi niandikie hata la uongo.

Dada yako

*

Mikindani
24 Machi 2026

Dada yangu Mwanakombo,

Assalaam aleikum wa rahmatullahi. Uzima ninao, lakini uso sina. Nakuombea mguu wako, na mpunga, na Asia. Idd haikunikuta nyumbani kwenu kwa sababu niliogopa utaniangalia.

Nilikaa kimya kwa kuwa kila nilipoanza barua ilianza na mzaha, nikaichana. Mzaha ndiyo shati langu, Dada, na ukinivua nabaki na mbavu.

Nitakwambia na lile usilolijua, maana ni baya kuliko la kwanza. Barua yako niliposoma sikwenda kwa Nadeem. Nilikwenda kwa Mama kwa kisingizio cha kupima makabati, na alipokwenda kutawadha nikaiendea saa kama mwizi. Nikaitia ufunguo, nikaweka mshale kama alivyouweka mzee, nikalisukuma timazi, nikatoka. Nikajipongeza njiani. Nikasema, nimetengeneza, hakuna aliyeumia, na kazi bado ninayo.

Siku ya tatu baada ya Idd Nadeem akafika, na Frank akaja na gari kubwa. Tulikusanyika sebuleni, Mama kwenye kiti chake. Frank akaniambia, "Haya mtaalamu, tusomee hali ya vitu." Nikasimama na makaratasi yangu. Nikasoma kitanda, nikasoma kabati, sauti yangu nzuri kama ya redioni. Karatasi ikageuka, na maneno yakatoka kabla sijayaona: "Saa ya ukutani. Haina kioo. Inapotea masaa sita."

Mama akainua kichwa. "Masaa sita?"

"Mama, achana na saa," Nadeem akasema.

"Nani kaipima masaa sita?" Akanigeukia, barabara usoni kwangu, kama anayeona. "Hemedi. Wewe uliigusa saa yangu?"

Dada, nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, nao ulikuwa mzuri. Nikawaona wale vijana wa bodaboda.

"Niliigusa mimi, Mama. Siku ile ulipolala. Niliiweka sawa na simu. Na juzi juzi ilipoanza kutembea yenyewe, ni mimi tena niliyeirudisha, kwa kuogopa kukwambia."

Frank akacheka kidogo. Nadeem hakucheka. "Hemedi bwana, unamtetea, ahsante. Lakini saa ikidanganya, jua nalo linadanganya? Dirisha si lipo? Mtu mwenye akili zake anakula saa sita mchana?"

Jibu nilikuwa nalo kinywani. Ningelisema, mama yule angepona uwendawazimu palepale, na siri uliyomwapia ingekufa palepale. Nikafunga mdomo. Ni mara ya kwanza maishani nina la kusema nikanyamaza, na nilisikia saa ikienda tik tik ukutani kama inanihesabia makosa.

Mama ndiye aliyesema. "Nadeem. Shati lako leo rangi gani?"

"Mama?"

"Nakuuliza kwa kuwa sijui. Sijajua rangi yoyote tangu mwaka tuliomzika baba yako."

Nadeem akakaa kwenye kile kitanda cha kuuzwa, jitu zima lenye maduka mawili, akajifunika uso. Frank akasema anakwenda kuangalia gari.

Kisha Mama akanirudia mimi. Hakupaza sauti, bora angepaza. "Mwezi mzima, Hemedi, nilikuwa najipima. Nikiamka nataja jina langu, jina la baba yangu, majina ya wanangu, nione kama yapo. Saa ilipoanza kutembea yenyewe, nikasema basi, kumbe naitia ufunguo na kusahau. Nikamwomba Mungu anichukue kabla sijatoka barazani uchi."

Nilipiga magoti, Dada. Sikupanga. Miguu ilikwenda yenyewe.

Akasema, "Inuka. Unachafua suruali, na wewe unapenda kupendeza."

Mambo yalivyo sasa: Frank amechukua kitanda na kabati tu, na mkaguzi ametafuta mwingine. Alinidhihaki mbele ya wapagazi, "mtaalamu asiyejua saa", nami sikujibu kwa kuwa ni kweli. Paa linaanza kuezuliwa kesho. Nadeem hakusema mama atakaa milele. Amesema paa kwanza, halafu daktari wa macho, halafu tutaongea. Kwa Anjum na kwa wale wa bodaboda nimepita mmoja mmoja, nikawaeleza ni mimi. Wamenicheka. Nimewaacha wamalize.

Na mimi Mama amenihukumu. Alisema, "Tangu nilipovunja ungo sijala mchana wa Ramadhani ila kwa udhuru wa kike na wa uzazi. Siku yangu ile umeila wewe. Tutailipa pamoja." Leo ndiyo siku yenyewe. Watu wote mjini wanakula, sisi wawili tumefunga. Simu amenitaka niizime, iko ndani ya sufuria lenye mfuniko. Kile kioo nilichokata nakuletea uzibe dirisha la jiko.

Nakuandikia nikiwa mezani pake, saa nimeipa mgongo kwa amri yake. Tangu alasiri nimeinuka mara tatu kusema nafikiri muda umefika, na kila mara ameinuka yeye, amepapasa ukuta, amegusa mshale, akaniambia, "Bado." Nje sioni vizuri, mawingu ya mvua yamefunika. Sasa ananiita tena. Kashika sahani ya tende mkono mmoja, mkono mwingine ameunyosha kwangu.

"Njoo, Hemedi. Lete kidole, nikufundishe."

Acha niende.

Mdogo wako,
Hemedi